"Mimba Si Ugonjwa": Kauli Hii Tuiache

Leo nina ugomvi na kauli moja tu: "Mimba si ugonjwa." Naisikia Kasulu ninakoshona na kuuza vitenge, naisikia Kibondo ninakopeleka mzigo, na najua huko visiwani nako inasemwa. Anaambiwa mwanamke aliyetapika tangu alfajiri, asiyeweza hata kumeza mate. Maana yake: inuka, shika jembe.

Kubeba mimba si maradhi, sawa. Lakini kutapika mpaka maji hayakai tumboni ni maradhi, na yana tiba. Tukivichanganya viwili hivi, anayeumia ni mama na kiumbe chake.

Wanaosema anadeka, wasikie. Karibu wajawazito 7 katika kila 10 hupata kichefuchefu, na wengi wao hakiwaishii asubuhi. Desemba 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu homoni iitwayo GDF15. Wakati wa mimba hutoka kwa wingi kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mama. Ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba, ndiye inayemtesa zaidi. Sasa deko liko wapi? Huku kwetu harufu ya mawese na migebuka jikoni inatosha kumtoa mjamzito nje mbio. Hajamchukia mume, wala hajamdharau mkwe.

Kwa kuwa hasikilizwi, anajitibu. Kwanza udongo wa sokoni, kwa sababu unakausha mate. Lakini udongo huo unauzuia mwili kupata madini ya chuma, wakati ambapo damu ndiyo inahitajika, na unaweza kuwa na mayai ya minyoo. Utafiti wa Geita uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta arseniki, kromiamu na nikeli katika udongo unaoliwa na wajawazito. Dada yangu, hiyo si dawa.

Halafu mizizi isiyojulikana kipimo chake, na vidonge vya kuazimana na jirani. Dunia ilishalipa kwa kubahatisha. Thalidomide ilitumiwa kutuliza kichefuchefu, na kabla haijaondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961, maelfu ya watoto walizaliwa na mikono au miguu isiyokamilika.

Tangawizi nitaitetea. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani liliitaja, pamoja na vitamini B6, miongoni mwa vitu vya kutuliza kichefuchefu cha miezi ya mwanzo. Muulize mhudumu wa kliniki kiasi. Kula kidogo kidogo, na utafune kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani.

Ila tangawizi ina mwisho wake. Ukishindwa kubakisha maji siku nzima, mkojo ukawa mchache na mweusi, ukiinuka unaona kizunguzungu, au ukatapika damu, nenda hospitali. Kabanga ipo, hospitali ya wilaya Kibondo ipo. Ukiwa na homa, pima malaria, maana Kigoma ni mkoa wa malaria na si kila kutapika ni mimba.

Nanyi waume, pikeni nyinyi, au basi jiko lihamie nje. Mama wakwe, kwamba nyinyi mlilima hadi siku ya kujifungua si kipimo cha mwili wa mwingine. Waajiri wenzangu, msimwachishe kazi binti kwa sababu anakimbilia nje. Dukani kwangu fundi mwenye mimba changa huanza saa nne, hukaa karibu na mlango, na hupewa vifungo na pindo mpaka apate nafuu. Nguo za wateja zinatoka siku ileile.

Sisi waumini ndio tusio na udhuru kabisa. Sura Luqman, aya ya 14, Mola mwenyewe anataja jinsi mama anavyozidi kudhoofika akimbeba mwanawe, kisha anatuamuru tuwashukuru wazazi. Ikiwa Mwenyezi Mungu ameutaja udhaifu ule, wewe ni nani wa kuuita uvivu?

Leo ukimkuta mwenye mimba ameinamia ndoo, usimpe kauli. Mpe maji, na ukiona hayakai, tafuta usafiri umpeleke.

Allah awape nafuu wote wenye mimba. Amin.