Kumwuliza Mgonjwa Hakutoshi

Liko neno tulisikialo mara nyingi katika nyumba zenye mgonjwa wa saratani, nalo hutoka vinywani mwa watu wema: "Mwacheni avute, ugonjwa umekwisha kumpata; mtamnyima hata faraja hii?" Sisi twasema waziwazi kwamba neno hili, ijapokuwa lina sauti ya huruma, lamdhuru mgonjwa. Na likisemwa na daktari au mwuguzi, hudhuru zaidi, kwa kuwa mgonjwa hulipokea kama amri ya hospitali.

Mwaka 2014 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa taarifa kubwa juu ya tumbako. Imeandikwa humo kwamba mgonjwa wa saratani aendeleaye kuvuta yumo katika hatari zaidi ya kufa, tena ya kushikwa na saratani ya pili. Sababu zake si za siri. Moshi wa sigara una hewa ya sumu ishikayo mahali pa oksijeni katika damu. Kwa hiyo kidonda cha kupasuliwa hukawia kufunga, na mionzi, ambayo yahitaji oksijeni ili kuua saratani, hupungukiwa na nguvu. Ziko na dawa, kama erlotinibu, ambazo mwili wa mvutaji huziondosha upesi mno. Basi asemaye kwamba mgonjwa amekwisha kuchelewa, hajui asemalo. Gharama yote ya safari, ya kitanda na ya dawa, ambayo pengine jamaa wameuza ng'ombe ili kuilipa, yaliwa na moshi kidogo kidogo.

Je, waganga hawayajui haya? Wayajua. Mwaka 2013 zilitangazwa habari za madaktari na wataalamu zaidi ya 1,500 wa chama cha kimataifa kinachoshughulika na saratani ya mapafu. Karibu 9 katika kila 10 walisema kwamba huwauliza wagonjwa kama wavuta. Lakini waliowasaidia hasa kuacha walikuwa 4 tu katika kila 10, na miongoni mwa sababu walizozitaja ni kwamba hawakufundishwa namna ya kusaidia. Hapo ndipo penye shina la jambo. Kumwuliza mtu kama anazama, kisha kuandika jibu lake katika daftari na kwenda zako, ni msaada gani huo?

Wako wengine, na baadhi yao ni wazee wa makanisa yetu, wadhanio kwamba kusaidia ni kukemea. Matokeo yake twayaona: mgonjwa huvuta nyuma ya choo, na akiulizwa na daktari hujibu, "Niliacha zamani." Amekwisha kujiona kwamba ugonjwa ni kosa lake mwenyewe, akiongezewa aibu, hufunga kinywa, na daktari hutibu asilolijua. Nikotini hufika ubongoni kwa muda wa sekunde chache tu, na mwili ukiikosa hulia kama mtoto aachishwaye ziwa: mtu hukosa usingizi, huwa na hasira, wala hatulii, na siku za kwanza ndizo kali kupita zote. Katika watu 100 wajaribuo kuacha kwa nguvu zao peke yao, hawapatikani hata 10 wanaodumu mwaka mzima. Mtu wa namna hiyo, tena mwenye hofu ya kufa, atashindaje kwa kukemewa?

Kazi hii ina ufundi wake, na ufundi hufundishwa. Mtumishi hujifunza kuuliza bila kuhukumu, kushauri kwa maneno mafupi, kupima nia ya mgonjwa, kumpa dawa ifaayo, na kumfuata tena juma lijalo, hata akiwa ameanguka. Hili la mwisho ndilo lisahauliwalo. Huko New York hospitali ya saratani ya Memorial Sloan Kettering imewafundisha watumishi wa hospitali nyingine ufundi huu. Na tangu mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ilitoa fedha ili vituo vya saratani 52 viweke kazi hii ndani ya matibabu yenyewe.

Mtu asituambie kwamba hayo ni ya matajiri. Kinywa na sikio la mwuguzi havinunuliwi ng'ambo. Vibandiko na ubani wa nikotini vimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2009, na varenikilini na bupropioni tangu 2021. Kenya iliridhia mkataba wa dunia juu ya tumbako mwaka 2004, na Tanzania mwaka 2007. Kifungu chake cha 14 chazitaka serikali ziwasaidie watu kuacha. Kwa hiyo twataka kila chuo cha waganga na wauguzi kiwatahini wanafunzi katika ufundi huu, kama kinavyowatahini katika kufunga kidonda. Nanyi wasomaji, mpelekapo ndugu yenu kutibiwa saratani, msingoje kuulizwa. Semeni kwamba avuta, kisha mwulizeni daktari: "Ni nani hapa atakayemsaidia kuacha, na aanze siku gani?"