*TAMKO LA TAWI: MWEKEZAJI AJE, LAKINI MKATABA TUUSOME*

Ndugu wanachama,

Maneno ya kukodisha mashamba ya ushirika kwa wawekezaji hayaishi hapa Uru, na kila yanaporudi tunagawanyika. Wapo wanaosema mgeni asikanyage, wapo wanaotaka isainiwe leo hii. Tawi haliko upande wowote kati ya hizo.

Mtaji tunauhitaji. Mibuni yetu mingi imezeeka, na miche ya TaCRI Lyamungo inayostahimili chulebuni na kutu ya majani haipandwi kwa maneno.

Tazameni TPC pale Arusha Chini. Mwaka 2000 wawekezaji kutoka Mauritius walichukua asilimia 75 ya hisa, Serikali ikabaki na 25. Sukari iliyokuwa chini ya tani 40,000 kwa mwaka baadaye ilivuka tani 100,000. Mgeni alileta fedha, mitambo na utaalamu. Mwenyeji akabaki na hisa zake, na faida ikipatikana ana gawio lake.

Shamba linalokodishwa kwa kodi isiyobadilika ni jambo jingine. Kahawa ikipanda bei mnadani, faida yote ni ya mpangaji.

Tukumbuke pia kwamba kampuni ya kimataifa haiji huku kwa huruma. Inafuata arabika ya mwinuko huu, udongo wa volkano na maji ya mlima, vitu ambavyo haiwezi kuvihamisha. Hiyo ndiyo nguvu yetu mezani.

Kwa hiyo, wanachama wote mlio kwenye AMCOS, simamieni haya:

1. Mkataba usomwe wote, kwa Kiswahili, kwenye mkutano mkuu kabla ya kura.
2. Kodi iende na mavuno na bei, isiwe namba moja ya miaka 30.
3. Mifongo ya maji isiguswe bila ridhaa ya wanaoitegemea huko chini.
4. Mkataba upitiwe kila miaka mitano. Asiyetimiza ahadi arudishe shamba.
5. Kiongozi yeyote, hata wa Tawi hili, mwenye maslahi na kampuni aseme wazi na asipige kura.

Wazee wetu walianzisha KNPA mwaka 1925, kisha KNCU mwaka 1933, ili mkulima asiuze kahawa akiwa peke yake. Tusifuate posho ya siku moja tukapoteza shamba la wajukuu. Hudhurieni, ulizeni, ndipo mnyooshe mkono.

*Uongozi wa Tawi, Uru*