Mvua ikikosekana Zambia, juu ya nini Lubumbashi ilale njaa?

Wanainchi wenzetu, tukumbuke mwaka 2024. Mvua ilikatika Zambia katikati ya musimu. Mahindi ikakaukia mu mashamba: karibu hekta milioni 1 kwa zile milioni 2,2 zilizolimwa. Tarehe 29 Februari, Raisi Hichilema akatangaza janga la taifa. Zambia ikachunga mahindi yake. Hatuwalaumu: kila mutu analisha kwanza watoto wake.

Lakini sisi je? Haut-Katanga tunakula bukari ya unga unaopitia Kasumbalesa. Mawingu ikikataa kule Choma, mama wa hapa Kenya ao Katuba njo anapunguza sahani ya watoto.

Jua si kosa la mutu. Kosa ni kuwa na udongo na mito, kisha kungojea malori ya jirani. Bukanga-Lonzo ilizinduliwa 2014 ili itulishe. Mwaka 2025 Korti ya Katiba ilimuhukumu Matata Ponyo, waziri mukuu wa zamani, miaka 10 ya kazi ya nguvu juu ya pesa za mradi ule. Pesa zilitoka, mahindi hatukuona.

Tunaomba mambo tatu: mbegu na mbolea zifikie wakulima mbele ya mvua, barabara za vijijini zitengenezwe, na akiba ya mahindi iwekwe mu kila jimbo.

Na wewe kijana, uliza deputé wako: ile 10% ya bajeti kwa kilimo, iliyoahidiwa Maputo mwaka 2003, iko wapi? Usinyamaze. Njaa haingojee uchaguzi.