TABIBU MGONJWA: KUMSITIRI AU KUMRIPOTI?



Ndugu zangu, juzi baada ya Isha alinijia hapa Mpemba kijana mmoja mtumishi wa afya na swali ambalo sikulijibu usiku uleule. Anamtibu mwenzake wa kazi aliyezama kwenye pombe. Mikono inamtetemeka, na bado anaingia zamu. Amemwomba kwa machozi: nisitiri, nina watoto. Kijana anauliza: Shehe, nikimwambia mkuu wa kituo, nimesengenya?

Wengi wetu tungekimbilia hadithi ya kumsitiri Muislamu, nami naisoma sana mimbarini. Lakini sitara ni kwa aibu inayobaki kwa mwenyewe. Huyu akikosea kipimo cha dawa, madhara yanahamia kwa mama mjamzito aliyeletwa usiku kwa bodaboda. Sisi tunaoishi kando ya barabara ya Tunduma, utingo akijua dereva wake amelewa, akanyamaza kwa kuwa ni rafiki yake, tutamsifu kwa kusitiri?

Imam Nawawi katika Riyadhus Swalihin ametaja sababu sita zinazoruhusu kumsema mtu asipokuwepo, mojawapo ni kuwatahadharisha watu na shari. Fatima bint Qays aliposwa na Muawiya na Abu Jahm, akaenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Mtume akamweleza wazi kwamba mmoja ni fukara na mwingine ana mkono mwepesi kwa wanawake, akamwelekeza kwa Usama bin Zayd. Kama hilo liliruhusiwa kwa posa ya mwanamke mmoja, je, wodi nzima?

Ila sisemi kila tabibu mwenye huzuni au asiyepata usingizi aripotiwe. Hapo natofautiana na wenye hamasa. Australia waliweka sheria ya kumlazimu mtaalamu wa afya kumripoti mwenzake, hata akiwa ndiye anayemtibu. Madaktari wakalalamika kuwa wenzao wataogopa kutafuta tiba. Jimbo la Western Australia likawaondolea wanaotibu lazima hiyo, na kwingineko, tangu Machi 2020, kwa maradhi na ulevi anayetibu huripoti pale tu anapoona hatari kubwa kwa wagonjwa. Naona wamepatia. Tabibu akijua siri yake itatoka tu, hatakwenda kwa mwenzake. Atajitibu mwenyewe stoo ya dawa, na huko hakuna wa kumwona.

Basi nilimjibu kijana hivi. Mwendee leo, mwambie aombe likizo ya ugonjwa, atoke kwenye zamu mpaka apone. Akikubali, siri yake ifunge kifuani. Akikataa, mwambie usoni kwamba unakwenda, usimvizie. Kisha nenda kwa mkuu wa kituo, na ikishindikana, Baraza la Madaktari Tanganyika, au Baraza la Uuguzi na Ukunga kama ni muuguzi. Usiende kwenye grupu la WhatsApp. Huko ukimtaja umesengenya, hata kama yote ni kweli. (Na nyinyi msinifuate inbox kuniuliza ni nani.)

Aliuliza pia: watoto wale watakula nini baba yao akisimama kazi? Mwenye gunia la mahindi aniletee mimi msikitini, asiulize linakwenda nyumba gani.

Wallaahu a'lam.