Anza na kasha na pawa saplai

Mwandishi, prosesa umezichambua vizuri, lakini kasha umelipitia juu juu, na kwa anayeunda kompyuta ya saiba pale Kawangware 46, kasha na pawa saplai ndivyo vya kuamuliwa kwanza. Karibu na steji vumbi la barabarani na moshi wa majiko ya makaa huingia dukani kutwa nzima. Kasha la kioo mbele hubana hewa, kwa hiyo feni hunyonya kupitia kila upenyo usio na chujio. Chukua lenye matundu mbele na chujio la kuosha, kisha feni za kuingiza hewa ziwe nyingi kuliko za kutoa, ili nyufa zitoe hewa badala ya kuvuta vumbi. Ndugu uliyesema hapo juu tununue tu Dell OptiPlex kuukuu za mjini, una hoja: ni nafuu na ni imara. Ila nyingi zina plagi za umeme zisizofuata ATX, kiwango cha Intel cha mwaka 1995. Pawa saplai ikiungua, ya kawaida haiingii bila adapta. Tena zenye prosesa za Intel za kizazi cha 6 kurudi nyuma hazikubaliwi rasmi na Windows 11, na Windows 10 iliachwa Oktoba 2025. Kuhusu bajeti, punguza RAM, si pawa saplai. GB 8 zinatosha kuanzia, mradi mazabodi iwe na nafasi ya kuongeza. Pawa saplai duni, stima ikipotea na kurudi kwa nguvu, inaweza kuunguza mazabodi yenyewe.