Acheni Kununua Taa, Nunueni Waya

Leo nakosana na watu, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana niliweka video ya taa. Wengine wenu mnaikumbuka: baa ya LED juu ya gari (si ile baa ya Tusker), usiku, nje ya Nanyuki, nabonyeza swichi na kichaka chote kinageuka mchana. Iliandikwa wati 300. Nilipewa bure niisifu, nikaisifu. Nikawaambia haiingii maji kwa sababu boksi ilikuwa na maandishi IP68. Nilikuwa nimekaa nayo siku nne, na katika hizo siku nne halikuanguka hata tone la mvua.

Miezi kadhaa baadaye nikapigiwa simu na dereva wa Land Cruiser pikapu anayebeba abiria na mizigo kutoka Maralal kwenda Baragoi. Alinunua hiyo baa kwa sababu yangu. Siku hiyo walichelewa kutoka, mvua ikawapiga kule juu Poror, wakateremka giza likiwa limeshaingia, na kabla hawajafika Marti taa zikazima. Si baa peke yake. Na taa kubwa pia. Akabadilisha fyuzi kwa ile moja ya akiba aliyokuwa nayo, ikaungua papo hapo.

Alikuwa na watu tisa nyuma, na kwa kabini mama na mtoto mchanga. Kama unajua hiyo barabara, unajua hakuna mtu hulala hapo kwa kupenda. Gari likikwama huko usiku, wanaokuja si lazima wawe wamekuja kukusaidia. Hakuna aliyetaka kuwasha hata tochi ya simu. Walikaa kimya mpaka alfajiri, mama akinyonyesha mtoto kila mara asilie. Asubuhi ndio dereva akaona shida, akakata waya wa baa kwa kisu, akaazima fyuzi ya honi, wakaenda.

Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kijana, hiyo taa wewe uliitumia kweli?"

Sasa nisikilizeni. Shida ya taa za ziada Kenya si taa. Ni waya, na ni maji. Na sisi watu wa video tunajua lakini hatusemi, ju waya haipendezi kwa kamera.

Tuanze na hizo wati. Hesabu yake ni ya darasa la nane: wati gawanya kwa volti unapata ampea. Taa ya wati 300 kwa betri ya volti 12 inafaa kuvuta ampea 25. Baada ya ile simu nilichukua mita nikapima yangu. Ampea 6. Hiyo ni kama wati 70. Zile zingine 230 ziko kwa stika. Kwa hivyo ukiambiwa wati, uliza ampea, na kama muuzaji hana mita, enda na yako.

Halafu kuna hii tabia ya kusema spotilaiti za kitambo hazina nguvu. Mzee ana Land Rover yake, ana spotilaiti mbili za halojeni za wati 100, zinawaka njano kama mshumaa, na wewe kijana unamwambia "mzee, tupa hizo, weka LED." Umepima volti pale nyuma ya taa? Hizo mbili pamoja zinavuta karibu ampea 17. Ukizipitisha kwa waya mwembamba, kutoka betri mpaka swichi ya dashibodi halafu zirudi mbele, umeme unapotelea njiani kama joto. Na halojeni haisamehe: volti zikipungua kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. Mzee hana taa mbovu. Ana waya mbovu. Mpe rilei na waya wa milimita 4 za mraba na utashangaa.

Rilei ni kitu kidogo cheusi, bei yake haifiki hata mafuta ya kutoka Thika kwenda Nairobi. Ina miguu minne. 30 inatoka betri, kupitia fyuzi. 87 inaenda kwa taa. 85 na 86 ni za umeme mdogo, upande mmoja swichi, mwingine ardhi. Basi. Swichi inabeba umeme kiduchu, mzigo mkubwa unapita njia fupi. Na fyuzi inakaa karibu na betri, kama urefu wa kiganja, kwa sababu kazi yake si kulinda taa, ni kulinda waya. Ukiiweka kule mbele karibu na taa, waya wote wa katikati hauna mlinzi, na ukikwaruzwa na bodi utaona moshi.

Yule dereva hakuwa na hata kimoja. Baa yake iliunganishwa kwa waya wa taa kubwa, ikafungwa tepu nyeusi, mambo kwisha. Maji yakaingia pale, shoti ikapiga, na taa za gari zikaenda nayo kwa sababu zote zilikuwa zinakunywa kikombe kimoja.

Najua mtasema ni fundi. Hapana. Msimguse fundi. Wewe umenunua baa ya elfu kumi na tano, umefika kwa fundi unamwambia "boss, niwekee haraka, nina mia tano." Mia tano inanunua tepu. Unataka akununulie rilei na pesa ya chakula cha watoto wake?

Na maji sasa. IP67 maana yake ni kwamba taa ilizamishwa mita moja kwa dakika 30 ikiwa mpya, ndani ya maabara. IP68 inazidi hapo, lakini kina na muda anaamua mwenye kiwanda, kwa hivyo kama hajaandika ni mita ngapi na dakika ngapi, amekuandikia herufi na namba tu. Na hakuna hata moja ya hizo inayozungumzia taa iliyowaka saa mbili, ikawa moto, halafu ikatumbukia kwa maji baridi ya laga. Hewa iliyo ndani inapoa ghafla, inajikunja, na taa inavuta pumzi. Ikivuta pumzi ikiwa chini ya maji, inakunywa maji. Ndio maana taa nzuri huwa na tundu dogo la kupumulia lenye kiwambo kinachopitisha hewa na kuzuia maji. Kama una nafasi, zima taa dakika chache kabla ya kuvuka.

Na sisi tunafanya nini na hilo tundu? Tunalipaka silikoni! Tunapaka kila mahali, kioo, skrubu, mpaka lile tundu la chini la spotilaiti za zamani ambalo liliwekwa makusudi maji yatoke. Halafu unashangaa kwa nini taa yako ina ukungu ndani miezi mitatu mfululizo. Umeyafungia maji ndani, bana. Fungua hilo la chini, liangalie ardhi, acha. Na ile silikoni inayonuka siki ukiifungua, usiiweke karibu na waya kabisa. Hiyo harufu ni asidi, na asidi inakula shaba. Kuna silikoni isiyonuka hivyo. Itafute.

Lakini mara nyingi maji hayaingilii kwa kioo. Yanaingilia kwa kiungo. Waya ukikatwa na kusokotwa kwa vidole, maji yanapanda ndani ya plastiki kati ya nyuzi, kama mafuta kwa utambi, na unakuja kukuta shaba imegeuka kijani mbali kabisa na mahali ulipoikata. Tumia konekta zenye mpira ndani, zile za Deutsch au zinazofanana nazo. Bana kwa koleo yake halisi. Kama ni kiungo cha kawaida, kivike ule mrija wenye gundi ndani unaojikunja ukiupiga moto. Halafu acha waya ushuke kidogo chini ya konekta kabla haujapanda, ili matone yaangukie chini yasifuate waya mpaka ndani. Hiyo ni bure.

Waya wenyewe nao, ukwaruze kwa kisu dukani. Nyekundu nje na nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, mrudishie. Nyeupe nje na nyekundu ndani ni shaba iliyopakwa bati, ndio hutumika kwa maboti. Ukiipata hiyo, nunua mita za kutosha na ubakishe.

Wale wa kusema "nunua taa ya bei, wacha za bei rahisi" pia mnatupotosha. Ningekuwa nimemuuzia yule dereva taa ghali kuliko zote duniani, na fundi aidunge kwa ule waya, angelala palepale.

Na wale wa Kilimani wenye taa sita juu ya paa kwenda kununua maziwa, sina mengi na nyinyi. Magari ya Rhino Charge mnayoiga, zile mbio zilizoanza 1989 kuchangia ulinzi wa Aberdare, hushindana mchana. Baa ya paa inamulika boneti yako mwenyewe, na kwa vumbi unaona ukuta mweupe. Shusheni taa kwa bampa. Na kwa lami zifunikeni, maana lori la kutoka Moyale lina dereva mwenye macho.

Ile video nimeitoa. Yule dereva nimemtumia rilei mbili, fyuzi, waya na konekta kwa basi la Maralal, na tumezifunga pamoja kwa simu ya video, yeye chini ya boneti, mimi nikichora kwa karatasi. Baa amempa jirani awekee banda la kuku. Amerudisha spotilaiti zake mbili za zamani.

Wiki iliyopita wenye ile baa wameniandikia tena. Wana mpya, wati 500, na mara hii wanalipa. Nimewauliza inavuta ampea ngapi. Bado wananiambia watauliza kiwandani.