Amri Abedi asomwe Mpanda

Ukitaja jina la Sheikh Amri Abeid, Watanzania wengi watakutajia uwanja wa mpira wa Arusha. Ni heshima kubwa, lakini imemfunika mtu mwenyewe. Kaluta Amri Abedi, meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria, aliyefariki mwaka 1964, alikuwa kwanza mshairi. Kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, kilitoka mwaka 1954, na ndicho kilichoziweka wazi kwenye karatasi kanuni za vina na mizani ambazo malenga walikuwa wakirithishana kwa mdomo. Mwenye kuziandika hakuwa mtu wa Lamu wala wa Mombasa. Alizaliwa Ujiji mwaka 1924, kando ya ziwa hili hili la Karema na Ikola, na wakati wa mkoloni Mpanda na Kigoma zilikuwa jimbo moja la Magharibi. Kijana wa Katavi anayedhani ushairi ni mali ya Pwani amenyimwa urithi wake.

Wako watakaosema kanuni zile zilikuwa pingu, na kwamba Euphrase Kezilahabi alikwisha kuzikata kwa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974. Kezilahabi alithibitisha kweli kwamba shairi laweza kusimama bila vina, nami sitaki tumrudishe nyuma. Lakini hata ujasiri wake hauonekani kwa msomaji asiyejua alichokiacha. Wafilipino wanatuonyesha njia. Francisco Balagtas, aliyefariki mwaka 1862, alitunga Florante at Laura kwa mizani 12 kila mstari na vina vikali. Washairi wao wengi wa leo hawatungi hivyo, ila wanafunzi wa sekondari bado wanamsoma, na malumbano yao ya kishairi yanaitwa kwa jina lake. Wengine watasema Amri alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya, hafai shule za watu wa dini zote. Hesabu ya mizani haina dhehebu, na mwalimu ana uhuru wa kuchagua mashairi ya kufundishia.

Basi maofisa elimu wa Katavi wasisubiri Dodoma. Watafute nakala za kitabu hicho kwa ajili ya maktaba za sekondari, kuanzia Mpanda mjini hadi Karema, na walimu wa Kiswahili wawashindanishe vijana wao kutunga, kwa vina na bila vina.